Majina ya miti katika vitabu vya utambuzi: ngeli, maana na tahadhari

Kitabu cha utambuzi wa miti ni kitabu chenye picha au michoro kinachomwezesha msomaji kuutambua mti akiwa porini au barazani kwake, kisha kujua jina lake na namna wenyeji wanavyoutumia. Vingi kati ya vitabu hivi kuhusu miti ya Afrika vimeandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Vinapofika mezani kwa mfasiri wa Kiswahili, au mwalimu anapotaka kuvitumia darasani, kinachosumbua kwanza huwa ni jina. Makala haya yanaeleza jinsi majina ya miti yanavyofanya kazi katika Kiswahili, mahali yanapomponza mtumiaji, na lugha inayofaa kueleza matumizi ya jadi bila kumpotosha msomaji.

Mwarobaini na mmelia

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa rasimu ya tafsiri ya kijitabu cha miti kilichokusudiwa wahudumu wa afya wa vijijini. Chini ya picha moja mfasiri alikuwa ameandika "mwarobaini", na maelezo yakafuata ya jinsi majani yanavyochemshwa na maji yake kunywewa. Maua yaliyokuwa pichani yalikuwa na rangi ya zambarau iliyopauka. Maua ya mwarobaini ni meupe. Mti uliochorwa ulikuwa mmelia, ambao matunda yake ni sumu kwa binadamu na kwa mifugo.

Mfasiri hakuwa mzembe. Aliwauliza watu wa mahali alipokuwa, nao wakamwambia kuwa huo ni mwarobaini, kwa sababu ndivyo wanavyouita. Mwarobaini (Azadirachta indica) na mmelia (Melia azedarach) ni miti ya familia moja, yote miwili asili yake ni Asia, na yote imepandwa sana kando ya nyumba na barabara katika Afrika Mashariki. Majani yake hufanana kwa mtazamaji wa haraka. Anayetazama kwa makini ataona kwamba kikonyo cha jani la mwarobaini hubeba vijani pande mbili, basi. Cha mmelia hugawanyika kwanza kuwa vikonyo vidogo, na vijani vikakaa juu ya vikonyo hivyo. Tunda la mwarobaini limechongoka kidogo mithili ya zeituni na huanguka likiiva. La mmelia ni la mviringo, huwa la manjano, na vishada vyake hubaki mtini hata majani yakisha kupukutika.

Fasili ya kamusi inayosema tu kwamba mwarobaini ni "mti wenye majani machungu yatumiwayo kuwa dawa" haimsaidii mtu kutofautisha miti hii. Hapo ndipo kitabu chenye michoro kinapoishinda kamusi, na ndiyo sababu mfasiri hapaswi kufasiri maelezo ya picha kabla ya kuitazama picha yenyewe. Kanuni ninayowapa wanafunzi wangu ni kwamba kila jina la mti wenye matumizi ya dawa liandikwe pamoja na jina lake la kisayansi, pamoja na walau sifa moja inayoonekana kwa macho.

Kuhusu umbo la jina: limetokana na "arobaini", kwa imani kwamba mti huo hutibu maradhi arobaini. Kwa hiyo tahajia iliyo karibu zaidi na neno la msingi ni "mwarobaini", wingi "miarobaini", ingawa "mwarubaini" nayo huandikwa na kutamkwa. Katika pwani ya Kenya huitwa pia "mkilifi". Idadi hiyo isichukuliwe kuwa hesabu. Siku za mwizi ni arobaini, wanasema Waswahili, na hakuna aliyekaa kuzihesabu; nimewahi kuulizwa na mfasiri orodha kamili ya maradhi hayo, nikamwambia aache kuitafuta.

Mti, tunda na ngeli

Majina ya miti huwa katika ngeli ya M-/Mi- (U-I): mwembe umezaa, miembe imezaa. Majina ya matunda kwa kawaida hupatikana kwa kuondoa kiambishi hicho, na mengi huingia katika ngeli ya LI-YA: mchungwa – chungwa – machungwa, mpapai – papai – mapapai. Mpaka hapo mwanafunzi hana shida. Shida huanza pale lugha inapoacha njia hii.

Baadhi ya matunda huingia katika ngeli ya I-ZI: mnazi – nazi, mtende – tende, mkunazi – kunazi. Mengine huchukua U-: mkwaju huzaa ukwaju. Mgomba hauzai "gomba" bali ndizi. Mkorosho huzaa vitu viwili vyenye majina tofauti, korosho na bibo, na ndilo bibo hili lililoipa jina Mabibo ya Dar es Salaam. Mchikichi (Elaeis guineensis) huzaa chikichi, na mafuta yake huitwa mawese. Ajabu kuliko yote ni mbuni. Kahawa hutokana na buni, na buni huzaliwa na mbuni, wingi "mibuni". Anayeandika "mkahawa" akikusudia mti amemtuma msomaji hotelini. Tena "mbuni" ni ndege mkubwa asiyeruka, wingi wake "mbuni" vilevile, na "mbuni" ni mtu abuniye, wingi "wabuni". Upatanisho wa kisarufi ndio unaotenganisha mti na wenzake: mbuni umechanua, mbuni amekimbia.

Mbuyu (Adansonia digitata) unafaa kufundishia kwa sababu mzizi mmoja wa neno umechanua matawi mengi. Mti ni mbuyu, tunda ni buyu, unga mkavu uliomo ndani unaofunika mbegu ni ubuyu, na chombo cha kutekea maji au kuhifadhia maziwa ni kibuyu. Mabuyu yanayouzwa mitaani, mekundu na matamu, ni mbegu zilizo na ubuyu wake zilizopikwa kwa sukari na rangi. Katika mazungumzo ya vijana wa Tanzania "ubuyu" ni umbeya, habari za watu zinazomung'unywa taratibu kama mbegu hizo. Tahadhari moja kwa wafasiri: kibuyu cha kawaida hutokana na mmung'unye, mmea utambaao wa jamii ya maboga, na si lazima kiwe kimetoka mbuyuni.

Mnazi nao una msamiati ambao vitabu vya utambuzi huufyeka wote na kubakiza "tunda". Tunda changa kabisa ni kidaka. Likikua kidogo huwa kitale. Likijaa maji ya kunywa ni dafu. Nyama yake ikianza kukomaa ni koroma. Likikomaa ni nazi. Na nyama ikikauka na kubanduka ndani ya kifuu ni mbata. Mfasiri anayeandika "nazi changa" kwa hatua zote hizi hakukosea kisarufi, lakini mkulima wa Pemba au Mafia atamwona mgeni. Dafu haliwezi kukunwa likatoa tui, na nazi haitobolewi kwa ajili ya kukata kiu. Maelezo ya matumizi yatakuwa si kweli ikiwa hatua imekosewa.

Majina ya mahali yanahifadhi majina ya miti hata pale miti yenyewe imekwisha kukatwa. Mikocheni ni penye mikoche, miti yenye shina linalogawanyika panda. Mkwajuni, Mbuyuni na Mivinjeni zinajieleza zenyewe. Majina haya hayafasiriwi.

Jina moja, miti miwili. Mti mmoja, majina mengi

Mfano unaotokea mara nyingi ni mpingo. Kamusi nyingi za lugha mbili hulinganisha neno hili na lile la Kiingereza la mti mweusi wa thamani, ambalo Kiswahili kinalo tayari kwa njia ya Kiarabu: abunusi. Kibotania hii ni miti miwili isiyo na udugu. Abunusi halisi ni wa jenasi Diospyros, ilhali mpingo (Dalbergia melanoxylon) ni wa familia ya mikunde, na matunda yake ni vifuko bapa vyepesi. Kiini chake cheusi ni kizito kiasi cha kuzama majini. Wamakonde hukichonga vinyago, na viwanda vya Ulaya hukinunua kwa kutengenezea klarineti na obo. Tofauti hii haiishii darasani. Tangu Januari 2017 karibu miti yote ya jenasi Dalbergia imo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Hati ya usafirishaji inayotaja "abunusi" badala ya mpingo imetaja bidhaa nyingine.

Mkuyu una kisa kinyume chake. Katika Injili ya Luka, Zakayo anapanda mkuyu ili amwone Yesu, na wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walipata bahati: mti wa habari ile, Ficus sycomorus, ndio huohuo mkuyu unaoota kando ya mito yetu. Msomaji wa Kiingereza ndiye aliye katika matata, kwa kuwa neno lifananalo na hilo huko Uingereza ni jina la mti wa jenasi Acer, na Marekani ni jina la mti mwingine tena. Kwa hiyo mwanafunzi anayefasiri riwaya ya Kiingereza akakuta neno hilo asikimbilie kuandika mkuyu. Mkuyu haumei London.

Mwerezi ni wa namna hiyohiyo. Katika Biblia ni mti wa Lebanoni, Cedrus libani. Katika milima ya Kenya na Tanzania jina hilo limepewa Juniperus procera, ambao Wakikuyu huuita mutarakwa na ambao Tanzania huitwa pia mwangati. Miti hii miwili hufanana kwa harufu ya mbao na kwa ustahimilivu wake dhidi ya mchwa, na nadhani huo ndio ufanano uliolivuta jina.

Nyakati nyingine jina ni la kundi. "Mikoko" kwa msemaji wa bara ni msitu wote wa miti iotayo kwenye maji ya chumvi. Kwa fundi wa pwani mkoko ni mti mmoja, Rhizophora mucronata, wenye mizizi iliyojipinda kama miguu ya buibui. Jirani zake ni mkandaa (Ceriops tagal), ambao gome lake hutoa rangi ya kutilia ngozi na nyavu, mchu (Avicennia marina), mlilana (Sonneratia alba) na mkomafi (Xylocarpus granatum). Zikishakatwa, fimbo za miti hii huacha majina ya miti na kuchukua majina ya unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Fundi anayeagiza boriti haulizi imetoka kwenye mti gani kabla hajauliza unene.

Kwa ufupi tu: msaji na mtiki ni mti mmoja (Tectona grandis), la kwanza likiwa jina kongwe na la pili la mkopo wa karibuni. Mvule (Milicia excelsa) ni mti wa mbao. Mvuli ni kivuli. "Tulipumzika mvulini" haisemi lolote kuhusu aina ya mti.

Vitenzi vya matumizi

Vitabu vya Kiingereza hutumia vitenzi vichache kueleza jinsi dawa inavyopatikana, na tafsiri nyingi huvirudisha kwa "kutengeneza" na "kutumia". Kiswahili kina uchaguzi mpana, na kila kitenzi kina utaratibu wake. Majani huchumwa, mizizi huchimbwa, gome hubanduliwa, utomvu hugemwa. Kisha vitu hivi huchemshwa, au hulowekwa katika maji baridi, au hutwangwa vikiwa vibichi, au husagwa vikishakauka. Dawa hunywewa, husukutuliwa, huchuliwa au hupakwa. Anayejifunika shuka juu ya chungu cha majani yanayotoa mvuke anajifukiza, na chungu hicho ni nyungu; mwaka 2020 maneno haya yalirudi kwa nguvu katika magazeti ya Tanzania, na "kupiga nyungu" kukawa usemi wa kila siku. Kuloweka na kuchemsha si jambo moja: kinachotoka katika gome kwa maji baridi huenda kisiwe sawa na kinachotoka kwa maji ya moto, wala kiasi chake.

Kubandua gome kunahitaji neno la nyongeza. Gome likibanduliwa upande mmoja, mti hupona. Likibanduliwa kuzunguka shina lote, chakula kinachotengenezwa majanini hakifiki tena mizizini na mti hufa. Wafugaji nyuki wa misitu ya miombo ya magharibi mwa Tanzania wametengeneza mizinga ya magome kwa njia hii kwa vizazi, na kila mzinga hugharimu mti mmoja. Mzinga wa gogo haugharimu zaidi ya hapo lakini hudumu muda mrefu. (Neno "miombo", wingi wa myombo, limetoka kwa wenyeji likaingia katika lugha ya wanasayansi wa dunia nzima.) Lakini hakuna kanuni isiyo na mwenye kuivunja. Huko Buganda, mafundi wa nguo za magome hubandua gome la mutuba (Ficus natalensis) karibu lote, wakaufunika mti kwa majani ya migomba, na gome likaota upya. Ufundi huo UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa ubinadamu mwaka 2005. Mfasiri aliyeandika kwa jumla "gome huondolewa" amezificha habari zote mbili.

"Hutibu" na "hutumiwa kutibu"

Linganisha sentensi hizi:

(a) Gome la mti huu hutibu homa.
(b) Gome la mti huu hutumiwa kutibu homa.

Zote zina kiambishi hu- cha mazoea, na zote hufasiriwa kutoka sentensi moja ya Kiingereza. Lakini (a) inamwahidi msomaji matokeo, ilhali (b) inaeleza desturi ya watu. Mwandishi wa kitabu cha utambuzi anaripoti yale aliyoyasikia na kuyaona, hajamchunguza mgonjwa. Kwa hiyo (b) ndiyo kauli yake, na mfasiri anayempa (a) amemtia kinywani maneno ambayo hakuyasema. Hili ndilo kosa ninalolisahihisha mara nyingi kuliko yote katika kazi za wanafunzi wa tafsiri, na kwa maoni yangu ni zito kuliko kosa lolote la upatanisho wa ngeli.

Inafaa pia kutofautisha "hutumiwa" na "hutumika". Kauli ya kutendwa humruhusu mtenda atajwe: majani ya mkunazi hutumiwa na Waislamu wa pwani katika maji ya kumwoshea maiti. "Hutumika" humwondoa mtenda na kuifanya desturi ionekane kana kwamba ni sifa ya mti. Ukimjua mwenye desturi, mtaje. "Vigingi hupigiliwa katika shina la mbuyu" ni habari nusu; Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi ndio wanaovipigilia ili wapande kufuata asali.

Kihusishi -a nacho ni mtego. Dawa ya mbu huua mbu, dawa ya mtoto humponya mtoto, dawa ya mwarobaini hutokana na mwarobaini. "Dawa ya nyoka" yaweza kuwa ya kumfukuza nyoka, au ya kumtibu aliyeumwa naye. Katika mazungumzo muktadha huamua. Chini ya picha hakuna muktadha, hivyo andika kwa urefu: dawa ya kutibu aliyeumwa na nyoka.

Neno "mitishamba" huandikwa kwa kuunganishwa linapomaanisha dawa za asili, na hujumuisha majani, mizizi na hata mimea isiyo miti. "Miti ya shambani" ni jambo jingine.

Majina ya kisayansi yaliyobadilika

Kamusi ya zamani yaweza kuwa sahihi kwa Kiswahili na ikapitwa kwa Kilatini. Mvule hutajwa katika kamusi nyingi kuwa Chlorophora excelsa, jina ambalo limekwisha kuachwa. Badiliko kubwa zaidi liliigusa migunga. Mwaka 2005, katika mkutano wa wanabotania uliofanyika Vienna, jina la jenasi Acacia liliamuliwa libaki na miti ya Australia, na migunga ya Afrika ikagawanywa katika jenasi mpya, hasa Vachellia na Senegalia. Vitabu vya utambuzi vilivyochapwa kabla ya hapo bado vinatumia Acacia, na mwalimu akiviweka kando ya vipya wanafunzi watadhani wanasoma habari za miti tofauti. Andika jina jipya kwanza, kisha la zamani likitanguliwa na "zamani".

Kwa majina ya Kiswahili yenyewe, kamusi ambayo bado sijaona ya kuishinda katika mimea ya pwani ni ile ya Charles Sacleux, Kiswahili kwa Kifaransa, iliyotoka kati ya 1939 na 1941. Sacleux alikuwa padri aliyekusanya pia sampuli za mimea, na jenasi Sacleuxia imepewa jina lake. Aliandika lahaja ya kila jina, jambo ambalo kamusi za baadaye, kwa nia njema ya kusanifisha lugha, zililiacha. Mtafiti anayekwenda nyanjani Lamu au Unguja afuate mfano huo: aandike jina, mahali alipolisikia, na mti aliouona kwa macho yake, akichuma tawi lenye ua au tunda ikiwa ameruhusiwa. Jina lililoandikwa bila tawi laweza kuwa la mti wa jirani.